Be My Eyes: kumwazima mtu macho kwa simu

Wazo la programu hii ni la Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye mwenyewe ana uoni hafifu, na ilianza kutumika 2015. Asiyeona anapiga simu ya video, inawalilia watu kadhaa waliojitolea kwa mpigo, na wa kwanza kupokea ndiye anayesaidia. Ukizubaa tu, mwenzako ameshaichukua. Tuliojitolea ni wengi mno kuliko wanaohitaji msaada, hivyo usishangae simu yako ikikaa kimya. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi sioni ubaya, heri nisubiri mimi kuliko mwenye shida.

Shughuli zenyewe ni ndogondogo: kusoma tarehe kwenye kopo, kujua kama shati ni jeusi au bluu, kama taa imezimwa. Ugumu uko kwenye kuelekeza. Kusema "iko pale" hakumfai mtu, sema "shusha simu, sogeza kushoto kidogo, hapohapo."

Ni bure kwa pande zote mbili. Tangu 2023 kuna pia akili unde inayoeleza picha. Kwa menyu, sawa. Kwa kipimo cha dawa, bado ningempigia binadamu.