Nyumba ya Mlimani Mwanza: Paneli za Mbao Bandia, Jiwe Halisi, na Kipi Kinastahili Pesa Yako

Mwangaluka wadau wangu, na ninyi mnaotazama kutoka mbali, habari za huko. Leo nipo Isamilo, juu kabisa, kule ambako dereva wa bajaji anakuuliza kwanza mko wangapi ndipo akubali kupanda. Mwenye nyumba hii kaniruhusu nirekodi ndani, mradi uso wake usionekane. Sasa tazameni ukuta wa nyuma wa sebule. Kamera isogee hapa. Hilo si jiwe la kubandika. Ni mwamba wenyewe wa mlima, umeingia sebuleni kama mgeni aliyefika kabla ya mwenyeji, na nyumba imejengwa kuuzunguka.

Na hapa chini kuna maboksi. Ndani ya maboksi kuna paneli za plastiki zenye picha ya mawe. Mnajua zilinunuliwa za nini? Kufunika mwamba huo.

Nilicheka, halafu nikamwomba fundi asubiri kwanza. Maana namwelewa mwenye nyumba. Ameona kwenye simu zile nyumba za milimani za Uswisi na Colorado: kuta za magogo, dari la mbao nzito, moto unawaka ukutani, ngozi ya kondoo juu ya kiti. Zinavutia, sikatai. Akaenda dukani kutafuta sura hiyo, na duka likampa lilichonacho. Kwa hiyo leo tunachambua vitu vinavyouzwa kwa ajili ya muonekano huu, kimoja kimoja, kwa nyumba zetu za mlimani hapa Mwanza. Hakuna duka lililonilipa, na sitaji duka.

Tuanze na hizi paneli, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa zaidi. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni hii laini ya kubandika, ya sponji, yenye sura ya matofali au mawe. Unang'oa karatasi nyuma, unabandika, umemaliza. Ya pili ni hii ngumu yenye mistari, wanaiita WPC, mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki.

Hii ya sponji nitaisema haraka. Bonyeza kwa kidole, shimo limebaki. Mtoto akiegemeza kiti, alama inakaa. Nimechukua kipande nikakiwasha nje, uani, mbali na watu: kinashika moto na kudondosha matone yanayowaka. Usiiweke jikoni, wala karibu na mahali unapowashia mshumaa umeme ukikatika. Sina la kuongeza.

Ile ya mistari ni jambo jingine, na nitaitendea haki. Nimeikwaruza kwa ufunguo, imeacha mstari mwembamba ambao ukisimama mbali kidogo huuoni. Inafutika kwa kitambaa chenye maji. Kwenye ukuta mkavu wa tofali, nyuma ya televisheni kwa mfano, inakaa vizuri na fundi anaimaliza siku hiyo hiyo. Lakini fanya hesabu kabla ya kufungua pochi. Kipande kimoja cha kawaida kina urefu wa mita 2.9 na upana wa sentimita 16. Dukani utatajiwa bei ya kipande, utaona nafuu. Ukuta wa mita 4 unakula vipande 25, na hapo hujahesabu vya kukata na kuharibika, wala gundi, wala kona za kumalizia. Zidisha ndipo ushangae.

Jambo la pili ni jua. Sisi wa upande huu wa mji tunaolitazama ziwa kwa magharibi tunapigwa na jua mara mbili jioni, la juu na lile linaloakisiwa na maji. Plastiki ikipata joto inarefuka. Paneli ya karibu mita 3 inaweza kuongezeka milimita kadhaa kati ya asubuhi na saa kumi jioni. Fundi akiibana juu na chini bila nafasi, itavimba katikati. Mwambie aache upenyo, aufunike kwa ukanda wa pembeni.

Sasa kwa nini nimekataa isiwekwe kwenye mwamba? Maji. Mvua za masika zikianza, maji yanateremka kwenye jiwe kutoka mlimani, yanafuata nyufa, na mengine yanatokea ndani, pale jiwe linapokutana na ukuta. Jiwe likiwa wazi unaona unyevu, unafuta, unafungua dirisha, linakauka. Likifunikwa na plastiki, unyevu unakosa pa kutokea. Ukungu unaota nyuma kimyakimya, na utaujua kwa harufu, pengine kwa kikohozi cha mtoto, ukiwa umeshalipa kila kitu.

Hapo ndipo nina ugomvi na wanaotuuzia mtindo huu. Zile nyumba tunazoziiga hazikuanza kama mtindo. Chukueni Old Faithful Inn, hoteli ya mbugani Yellowstone, Marekani, iliyofunguliwa 1904. Watu wanaitaja mpaka leo wakizungumzia majengo ya magogo na mawe. Waliijenga kwa miti na mawe ya palepale jirani. Zile nyumba za mbao za Uswisi nazo zina asili ya vibanda vya wachungaji milimani. Mbao ndiyo iliyokuwepo, na kuta nzito zilizuia baridi. Kila mtu alitumia cha kwao. Wewe una granite iliyokaa hapo kwa zaidi ya miaka bilioni 2, halafu unaagiza picha ya jiwe kwenye kontena?

Basi turudi kwenye jiwe, maana hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Kama nyumba yako ina mwamba ndani au imeegemea mwamba, kazi ya kwanza ni brashi ngumu na maji. Usimruhusu mtu akuletee asidi. Zile alama nyeusi za michirizi zitapungua, nyingine zitabaki, ziache. Ya pili, pale jiwe linapokutana na sakafu, usizibe kwa saruji ukadhani umemaliza. Chimba mfereji mdogo wenye mteremko, uwekee bomba la kutoa maji nje, juu yake panga kokoto za ziwani zilizooshwa. Maji yakija yana njia, na yasipokuja una pambo.

Ya tatu, varnishi. Nimeona kuta za mawe zimepakwa varnishi zinang'aa kama viatu vya shule. Kwenye jiwe lenye unyevu, varnishi inafanya ngozi, ngozi inabanduka vipande vipande, na kuiondoa ni adhabu. Ukitaka kulikinga jiwe, ulizia dawa ya kuzuia maji inayozama ndani bila kuacha ngozi juu. Jaribu mahali pa uficho kwanza, maana nyingine zinafanya jiwe liwe jeusi zaidi.

Na kama huna mwamba, unataka ukuta wa mawe ya kujengea? Mawe yapo kila upande wa mji huu. Lakini uliza yalivyopasuliwa. Yapo yanayochomwa moto mpaka yanapasuka, na yapo yanayopasuliwa kwa patasi na nyundo. La moto mara nyingi lina nyufa ndogo na uso unaomegeka. Kwa msingi na kokoto watu wanatumia, ila kwa ukuta utakaouegemea na watoto wataupitishia mikono, nunua la patasi. Gonga kwa nyundo ndogo: lililo zima linatoa mlio mkali, lenye nyufa linatoa mlio mfu. Na ukuta mmoja unatosha. Granite inabeba joto la mchana na kuliachia usiku, kwa hiyo ukuta wa mawe unaopigwa na jua la jioni utakunyima usingizi saa nne za usiku.

Mbao sasa. Nyingi tunazopata ni za mpaini, na shamba kubwa kuliko yote nchini ni Sao Hill kule Mufindi. Ni mbao nyepesi, rangi nzuri, vifundo vyake ndivyo vinavyoleta ile sura ya mlimani, wala huhitaji mninga. Tatizo lake kwetu ni ubichi. Mbao mbichi ukiigongomea ukutani leo, baada ya muda imejikunja na mianya imefunguka. Inyanyue: mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiishika ina ubaridi. Ipange ndani ya nyumba yenyewe, weka vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite, iache izoee kabla fundi hajaigusa. Na isigongomewe moja kwa moja kwenye plasta. Fundi atangulize mirunda myembamba ili nyuma kuwe na nafasi ya hewa.

Kuhusu mchwa, tusidanganyane. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ni za paa na za nje. Usitengenezee meza ya kulia wala ubao wa kukatia, na vipande vilivyobaki usipikie. Na lile pendekezo ambalo fundi yeyote atakupa, la kupaka oili chafu ya gari, ndani ya nyumba hapana! Inanuka, inachafua nguo, na inasaidia moto. Tumia dawa ya mchwa ya dukani, ikauke, kisha varnishi ya maji isiyong'aa.

Halafu usijaze mbao kuta zote nne na dari. Hili nalisisitiza. Wenzetu wanafunga nyumba kwa sababu ya theluji. Hapa usiku wa kawaida unashuka mpaka nyuzi 17 au 18, basi. Ukuta mmoja wa mbao, mwingine jiwe, miwili iliyobaki rangi nyeupe ya chokaa. Chumba kitapumua na ziwa litaonekana dirishani, ambalo ndilo ulilolipia kodi ya kiwanja cha mlimani.

Ile mashine ya moto bandia, yenye mwali wa taa na kipuliza joto? Nyingi zinakula wati 1,500. Saa moja, uniti moja na nusu. Kupasha joto chumba cha Mwanza! Pita.

Taa ndiyo bidhaa niliyoipenda kuliko zote leo, na ndiyo rahisi kuliko zote. Wengi tunafunga balbu nyeupe za kelvini 6,500, kwenye boksi zimeandikwa hivyo; ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikishuka mwanga unakuwa wa njano zaidi. Chini ya mwanga huo mbao inakuwa ya kijivu na jiwe linafanana na la machinjioni. Tazameni, nazima hii, nawasha ya 2,700. Mmeona? Ukuta ni uleule. Weka taa chini, mwanga upande juu ya jiwe kutoka pembeni, matuta yote yanajitokeza. Na kuna faida nyingine: vile vijidudu vya ziwani, vile vinavyokuja mawingu mazima hasa mwezi unapoandama, vinavutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu. Balbu ya njano haivimalizi, wavu wa dirishani bado unahitajika, lakini asubuhi utafagia kidogo.

Vya kuwekea ndani, nipite mbiombio. Vigoda na vikapu vya magugu maji: haya ni yale magugu yanayolisumbua ziwa letu tangu mwisho wa miaka ya 1980, yakikaushwa yanasukwa vizuri mno. Kinuse kabla ya kulipa. Kikinuka tope, hakijakauka, kitaota ukungu. Mikeka ya mafunjo kwa dari la baraza naipa alama za juu, ila iwe mbali na balbu zinazochemka na mbali na jiko. Ngozi ya ng'ombe badala ya kondoo, naam, tuko Usukumani! Ikunje: iliyokaushwa juani tu inalia kama karatasi na kuvunjika, iliyotengenezwa kiwandani inakunjika kimya. Na ukitaka kiti cha kuonyesha wageni, kabla hujanunua cha katalogi nenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Angalia miguu ile ilivyo, piga picha, mpelekee seremala wako.

Dada mmoja kaniuliza chini ya video iliyopita: mimi mpangaji, nipo Mabatini, chumba na sebule, nifanyeje? Dada yangu, usitoboe ukuta wa mtu wala usibandike kitu kitakachong'oka na rangi yake. Anza na balbu mbili za 2,700, mkeka mmoja mkubwa, kigoda cha magugu maji, na ubao mmoja wa mpaini uliopigwa msasa ukauegemeza ukutani kama rafu juu ya mawe mawili. Mawe ya kwetu unayapata bure. Siku ya kuhama unachomoa balbu zako, unarudisha zile nyeupe za mwenye nyumba.