Kuskani bakodi za vitabu kwa kamera ya simu: uzoefu wangu kwenye maktaba ya shule, Tukuyu

Mwenye haraka achukue hili: kwa kusajili na kuhesabu vitabu, kamera ya simu inatosha kabisa. Kwa kuazimisha huku wanafunzi wamepanga foleni, nunua skana, kifaa maalumu cha kusomea bakodi.

Natunza maktaba ya sekondari hapa Tukuyu. Programu yetu ya maktaba ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari. Pembeni ya kisanduku cha namba kuna alama ya kamera. Unaigusa, unaelekeza simu kwenye bakodi (ile michoro ya mistari myeusi), namba inajiandika yenyewe.

Mwanzoni haikujiandika. Mfumo umewekwa kwenye kompyuta ya ofisini na simu zinaufikia kwa Wi-Fi ya shule, bila bando. Nikigusa ile alama, kimya. Kumbe vivinjari vya siku hizi haviruhusu ukurasa kuwasha kamera kama anwani yake haianzi na https, isipokuwa ukiufungua kwenye kompyuta ileile inayobeba mfumo. Fundi alikuwa amejaribia hapohapo, akaona mambo safi, akaaga. Ikabidi arudi kuweka cheti cha usalama ili anwani ianze na https. Ukimwita fundi wako, asiondoke kabla hajajaribu kwa simu.

Baada ya hapo usajili ulikwenda vizuri. Bakodi ya nyuma ya kitabu hubeba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13, inayoanza na 978 au 979, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 12 za mbele, kwa hiyo kamera ikikosea kusoma, mara nyingi namba inakataliwa palepale. Programu ikishaipata inatafuta jina la kitabu na mwandishi mtandaoni. Vya Uingereza vinakuja chap. Vya kwetu Tanzania, vile ambavyo ISBN yake ina 9976 au 9987 baada ya 978, vingi havikuleta kitu, nikaandika mwenyewe. Vya zamani ndiyo kabisa: kabla ya 2007 ISBN ilikuwa ya tarakimu 10, na vingine havina bakodi hata moja.

Sasa vitabu vya kiada. Nakala zote za toleo moja zina bakodi ileile ya mchapishaji, kwa hiyo haikuambii nakala ipi iko kwa nani. Lazima kila nakala iwe na stika yake yenye namba ya maktaba. Na usiibandike nyuma! Kamera ikiona bakodi mbili kwa pamoja inachukua yoyote, na kwangu ilipenda ya mchapishaji. Zetu ziko mbele, kona ya juu. Kwa aina ya bakodi chagua Code 128 badala ya Code 39. Kwa Code 128 namba tupu huchukua nafasi ndogo, mistari inapata unene, na simu ya bei ya chini inaisoma bila kuhangaika.

Stika zenyewe zichapwe kwa printa ya leza. Mvua ya Rungwe mnaijua. Zile za wino wa maji zilianza kuchuja ndani ya kabati, mistari ikashikana. Ukizifunika kwa selotepu inayong'aa halafu ukawasha tochi, kamera inaona weupe mtupu. Inamisha simu kidogo, inasoma.

Kaunta ndipo nilipochoka. Mapumziko ya saa nne wanakuja kwa pamoja, kila mmoja ananyoosha kitabu, "Mwalimu, changu kwanza!" Kamera inatafuta fokasi, mkono wa mtoto unatikisika, inasubiri. Mbaya zaidi, kitabu kikikaa mbele ya kamera sekunde moja ya ziada kinasomwa mara mbili: kimeazimwa, papo hapo kimerudishwa. Mtoto anaondoka nacho na mfumo unasema kiko rafuni. Tuliagiza skana ya waya kutoka Mbeya mjini. Kompyuta inaichukulia kama kibodi, inapiga namba na kubonyeza Enter yenyewe. Haihitaji ruhusa ya kivinjari wala cheti.

Simu sasa ni ya ukaguzi wa kufunga mwaka, na hapo siibadilishi kwa chochote. Napita rafu kwa rafu, kitabu hakitoki mahali pake zaidi ya kuvutwa nusu ili kona ionekane, na mwishoni programu inanipa orodha ya ambavyo havikuonekana. Beba pawabenki tu, kamera ikiwaka mfululizo inakula chaji vibaya.