Adapta ya kadi kwenye kompyuta yangu ya zamani ya 486: kasi nimeipata, hasira haijaisha

"Hiyo kompyuta ni ya makumbusho, nunua mpya." Hilo ndilo jibu lote nililopewa na muuzaji. Mimi nilimuuliza habari ya soketi ya umeme ya adapta aliyoniuzia, inayocheza, yeye akanijibu habari ya umri wa mashine yangu!

Nilinunua adapta ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kwenye kebo ya IDE, ile ya kuungia diski, ili nipumzishe diski ngumu ya zamani. Diski ile inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Kwanza kichwa cha kusomea kisogee, halafu kingoje sehemu inayotakiwa izunguke hadi ikifikie, na kungoja huko peke yake ni wastani wa milisekunde 8, kila mara. Kadi haina kichwa wala sahani. Siku ya kwanza DOS, mfumo unaoendesha mashine yangu, ilikuwa tayari kabla sijavuta kiti. BIOS yangu, programu ya kuwashia mashine, haioni zaidi ya MB 504 za kadi, na zinanitosha kabisa. Nilifurahi mno, nakiri.

Baada ya wiki hivi ikaanza kuganda. Usiku mmoja nikiwa nahifadhi programu niliyoihangaikia kwa miezi, DOS ikasema haiwezi kuandika. SMARTDRV, programu inayochelewesha kuandika ili kuongeza kasi, ilikuwa bado imeshikilia data kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa, na mashine haikusikia kitufe chochote. Nikazima. Nilipowasha, jedwali la faili lilikuwa limevurugika na kazi yangu haipo.

Nikafungua kasha, nikaigusa soketi ya adapta kwa kidole: inacheza kama jino bovu. Pini moja lehemu haikuishika, imepakwa juu juu tu. Kosa la kiwandani, wala halina uhusiano wowote na uzee wa 486.

Nilikaa kuandika haya nikitaka kusema msiiguse. Lakini niliilehemu upya mwenyewe, na tangu hapo haijaganda hata mara moja, na kasi ile siwezi tena kuiacha. Basi nunueni, ila kagueni pini kwanza.

Hapana, nikilikumbuka lile jibu damu inachemka upya. Adapta za aina hii nunueni, lakini si kwa mtu anayemdharau mteja kwa sababu ya kitu anachokipenda. Nimemtumia picha ya ile pini. Ameifungua, na hadi leo kimya.