Kitabu cha vikwazo vya silaha kutoka duka la fotokopi la Nyawera, Bukavu

Duka hili linauza maazimio ya Baraza la Usalama kuhusu silaha nchini Kongo, yakiwa yamefungwa kwa spirali, na maandishi yake yanasomeka hata kwenye tanbihi. Mpangilio unafaa sana: azimio 1493 la 2003, lililozuia makundi ya Kivu na Ituri kupelekewa silaha, linafuatwa na 1596 la 2005, lililopanua katazo hadi nchi nzima, kisha 1807 la 2008, lililoliondolea jeshi la serikali katazo hilo lakini likazitaka nchi zinazouza zitoe taarifa kwanza. Kasoro ni nzito: azimio 2667 la Desemba 2022, lililofuta sharti hilo la taarifa, halimo. Kwa wakazi wa Kivu, ambao silaha hizo huwafikia mlangoni, pengo hilo halivumiliki. Wachapishaji waliongeze haraka.