Mvinyo mwekundu usiozidi elfu thelathini: upi kwa chungu kipi

Mama alipiga funda moja akakunja uso. "Mwanangu, hiki kitu ni kama kutafuna ndizi mbichi."

Nilikuwa nimefungua chupa ya Cabernet Sauvignon kabla chakula hakijaiva. Kama nusu saa baadaye mbuzi akatua mezani, mbavu zenye mafuta yake, mchuzi mzito. Mama akatafuna kipande, akanywa tena, akaitazama glasi. "Umetia maji?" Sikutia kitu.

Neno la hali ile tunalo siku nyingi: ukakasi. Ni ule wa ndizi mbichi, wa bibo, wa chai iliyosahaulika jikoni. Wenye mvinyo wao husema tanini, na hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu nyeusi. Tanini hushikana na protini. Ukinywa mdomo ukiwa mtupu, hushikana na zile za kwenye mate, na ulimi unabaki umekauka. Ukinywa na nyama mdomoni, hupata cha kushika huko, mafuta nayo yanalainisha. Mvinyo ni uleule. Ndiyo maana dukani siku hizi siulizi upi mzuri. Naangalia kwanza nyumbani kunapikwa nini.

Orodha hii imetoka kwenye Jumapili kadhaa za familia, watu watano, chupa zimeviringishwa gazeti ili shemeji asiusifie mvinyo lebo yake. Sharti lilikuwa moja: chupa isizidi shilingi 30,000 za Tanzania. Nimezipanga kwa idadi ya vyakula vyetu zinavyovimudu.

1. Pinotage

Hii ndiyo ya kuwa nayo kabatini. Ni zabibu ya Afrika Kusini kwa kuzaliwa: mwaka 1925 Abraham Perold, profesa wa Stellenbosch, alichanganya mbegu ya Pinot Noir na Cinsaut. Kule Cinsaut walikuwa wakiiita Hermitage, na majina mawili yakaunganishwa kama yalivyounganishwa mazao.

Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya mkaa. Jiko letu lina moshi, na Pinotage nyingi zina harufu inayokaribia moshi, pamoja na utamu wa zambarau zilizoiva sana. Nyama choma haina haja ya maelezo. Kilichotushangaza ni maharage ya nazi. Tui lina mafuta ya kutosha kuufunga ukakasi, na maharage yana uzito wa kusimama na mvinyo. Ugali, maharage ya nazi, mchicha kidogo pembeni, glasi ya Pinotage: shemeji alinyamaza, na shemeji hanyamazi.

Angalizo: za bei ya chini kabisa hazilingani. Zipo zinazonukia mpira ulioungua. Ukikutana nayo, iache wazi kwenye jagi nusu saa. Harufu isipotoka, itapata kazi kwenye sufuria ya nyama.

2. Shiraz

Ufaransa wanaiita Syrah, Afrika Kusini na Australia ni Shiraz. Inusie polepole, utapata pilipili manga. Si mawazo yako, kuna kemikali moja ndani yake ambayo ndiyo hiyohiyo inayonukisha pilipili manga.

Basi pilau. Nazungumzia pilau ya Krismasi ya kwetu bara, yenye nyama ya ng'ombe, bizari nyembamba, karafuu, mdalasini, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia. Vyote hivyo vinaipokea Shiraz kama mgeni aliyekuwa akisubiriwa. Ila ndimu ya kachumbari iwe ya adabu. Uchachu mwingi kwenye sahani huufanya mvinyo laini uonekane mpooza, na lawama inaliangukia duka.

3. Makutupora mkavu, wa Dodoma

Najua kuna watakaosema nimeupendelea, na kuna watakaosema nimeudhulumu. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari, ikakuta nyanda kavu, jua kali na usiku wa baridi kuliko pwani. Kule mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya, mwenye mavuno yake mamoja, angelisikia kama hadithi. Makutupora ni jina la mahali, kaskazini ya mji, penye kituo cha utafiti wa zabibu, na ni jina la zabibu nyekundu yenyewe.

Ukiwa mkavu, yaani usio na utamu, na uliotengenezwa vizuri una uchachu wa kuamsha ulimi, na hapo ndipo unapozipita chupa za nje. Tuliunywa na makongoro. Supu ile hunatanata midomoni, na mvinyo mzito juu yake unakuwa kero. Huu ulikata ule mnato, tukarudi kwenye bakuli. Ulifanya vilevile kwa utumbo, na kwa kisamvu cha karanga.

Mbona basi ni wa tatu? Kwa sababu chupa mbili zenye lebo moja zinaweza kuwa ndugu wasiofanana. Na soma lebo vizuri: mingi ya Dodoma madukani ni mitamu, na kama hapakuandikwa kwamba ni mkavu, chukulia kwamba si mkavu. Ukipata ulioupenda, rudi kesho ununue chupa tatu zilizotengenezwa siku moja na ile.

4. Cabernet na Merlot za Chile

Cabernet ndiyo iliyomkunja Mama uso. Ni ya mbavu, ya mbuzi mwenye mafuta, ya ulimi wa ng'ombe, basi. Kwa kuku wa kienyeji chukua Merlot, ina ukakasi mdogo. Na ukiona neno Carménère, usiliogope. Kwa miaka mingi Wachile waliichanganya mashambani na Merlot, hadi mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa alipowaambia kuwa ni zabibu nyingine kabisa. Inanukia hoho. Mchuzi wa nyama uliotiwa hoho nyingi utadhani umepikwa kwa ajili yake.

5. Mvinyo mtamu mwekundu

Huu ndio unaonunuliwa zaidi kwenye kila sherehe niliyokwenda, na wanaojiita wajuzi wanaucheka. Mimi nauweka wa mwisho kwa nyama, si kwa kila kitu. Maneno "Natural Sweet" kwenye chupa ya Afrika Kusini yana maana yake: sukari zaidi ya gramu 20 kwa lita. Kwa chupa ya mililita 750 hizo ni kama vijiko vinne vya chai, kwa kuanzia. Ukiunywa na mchuzi wa nyanya wenye chumvi, mchuzi unaonekana mchungu na mvinyo unaonekana juisi.

Lakini pika kitu chenye pilipili mbuzi ya kweli. Mvinyo mkavu wenye kilevi cha asilimia 14 utaumwagia moto petroli. Mtamu, wenye kilevi kidogo na uliopozwa, unazima. Dompo nalo, mvinyo wa Dodoma, tamu na lenye nguvu, liweke baada ya chakula, kwenye glasi ndogo.

Samaki na dagaa hawamo kwenye orodha. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi pamoja na mafuta ya samaki huacha ladha ya msumari mdomoni. Tulijaribu mara moja, inatosha.

Dukani, kabla ya lebo, tazama chupa imesimama wapi. Niliwahi kununua Shiraz iliyokuwa dirishani upande wa magharibi. Kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kidogo, nikadhani ndivyo kilivyo. Ndani ulikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Chupa ya kivuli, hata ikiwa na vumbi, ni bora kuliko inayong'aa juani. Mvinyo wa bei hii hautengenezwi kuwekwa, kwa hiyo chukua wa mwaka wa karibuni, miwili au mitatu nyuma. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya uduni, na kinakuepusha na kutafuta kizibuo wageni wakiwa wamekaa.

Halafu ile habari ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba. Vyumba vilivyokusudiwa ni vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili iko nyuzi 30, na kwa joto hilo kilevi ndicho kinachotangulia puani. Weka chupa kwenye friji dakika 40 kabla ya kupakua.

Mvinyo wa boksi? Kwa nyumba inayokunywa glasi moja moja, ndiyo. Mfuko wa ndani hujikunja kadiri unavyopungua, hewa haiingii, na unakaa wiki kadhaa. Chupa ikishafunguliwa ina siku tatu kwenye friji. Siku ya nne Mama huimimina kwenye sufuria ya mbuzi pamoja na tangawizi, na hajawahi kulalamika kuhusu ndizi mbichi.