Viatu vya kunasa kwenye pedeli kwa 146,000: miezi minane barabara ya Himo

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Moshi mjini, nyumbani ni Himo, na siku tatu kwa wiki naenda kazini kwa baiskeli. Jumapili baada ya ibada napandisha Marangu, na hiyo ni kwa ajili ya roho yangu tu. Baiskeli yenyewe ni ya gia, ya mtumba, tairi nene za milimani. Nayasema haya mapema ili anayesoma asitegemee habari za mashindano. Ni habari za mama wa miaka 43 aliyetaka miguu yake iache kuteleza.

Masika ya mwaka jana, kwenye mpando wa kuingia Marangu Mtoni, nilikuwa nimenyanyuka kwenye siti nakanyaga kwa uzito wote. Raba zimelowa, pedeli za plastiki zimeshalika meno. Mguu wa kulia ukachomoka, pedeli ikazunguka na kunichana ugoko kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Kovu ninalo mpaka leo. Vijana watatu ninaopanda nao Jumapili walikuwa wameshaniambia siku nyingi, "Mama, vaa viatu vya kunasa." Nilikuwa naogopa mambo mawili, bei na kuanguka. Baada ya ugoko ule nikaamua angalau bei nianze kuitafutia dawa.

Kwa asiyevijua: chini ya soli, sehemu ya mbele ya unyayo, hufungwa kipande kidogo cha chuma kwa skrubu mbili. Wapandaji wanakiita kliti. Pedeli nayo ina taya zenye springi. Ukikanyaga, kliti inanasa na unasikia "ta!", ukizungusha kisigino kwenda nje, inaachia. Kwa Kiingereza pedeli hizi huitwa "zisizo na vibanio", na wengi huuliza inakuwaje wakati zinabana. Jina ni kwa sababu hazina kikapu cha vidole na mkanda, vibanio vya pedeli za zamani. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilitoa zake mwaka 1984, mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda nazo mbio za Tour de France za 1985, na mikanda ikaanza kupotea. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani wakaleta aina yao, iitwayo SPD, kwa ajili ya baiskeli za milimani, na hizo ndizo ninazozitumia: kliti ni ndogo, inakaa ndani ya bonde la soli, kwa hiyo unatembea kama mtu wa kawaida. Zipo za skrubu tatu za baiskeli za barabarani, ambazo kliti yake ni plastiki kubwa inayotokeza nje ya soli. Mimi nashuka Kiboriloni kununua ndizi na kupanda ngazi za kibanda changu. Hizo hazinifai, na sidhani kama zinamfaa mtu yeyote anayetumia baiskeli kwenda mahali na siyo kuzunguka tu na kurudi.

Viatu nilivitafuta Memorial, soko la mitumba la Moshi, kwa wiki tano. Wauzaji wengi wa mitumba hawajui ni viatu vya nini, na hapo ndipo nafuu ya mnunuzi ilipo. Geuza kila kiatu kigumu unachokiona. Ukikuta mifereji miwili mifupi iliyo sambamba chini ya unyayo wa mbele, au kipande cha mpira kilichofungwa kuziba sehemu hiyo, umekipata.

Jozi ya kwanza niliyoiona ilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, safi kabisa. Nikabonyeza soli ya kati kwa kucha, ikamomonyoka kama keki ya juzi. Aina fulani ya soli hizo za povu huoza zenyewe zikikaa miaka mingi, hasa penye unyevu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Nikairudisha. Jozi ya pili ilikuwa na kifungo cha plastiki chenye meno cha kukazia, na meno yameisha. Kitu kama hicho sina pa kukipata Moshi. Ya tatu ndiyo niliyochukua: ya kijivu, namba 41, mikanda mitatu ya velkro. Velkro ilikuwa imechoka, haishiki, lakini velkro ni kazi yangu.

"Hivi ni vya golfu, mama," kijana akaniambia. "Soli ngumu, huvimalizi."

"Bei gani, mdogo wangu?"

"Elfu arobaini na tano."

Nikamwonyesha velkro, nikamwonyesha ncha iliyoachia gundi, nikamwonyesha kliti za mtu wa zamani zilizoota kutu chini. Tukaachana kwa 28,000. Kabla sijalipa niliinua kitambaa cha ndani na kutazama kama sahani ya chuma inayopokea skrubu ipo. Ukisahau kulitazama hilo unaweza kununua kiatu kisichofungika kliti kabisa. Kisha nikashika kisigino na ncha nikakunja kwa nguvu. Kiatu cha kazi hii hakikunjiki kirahisi. Kikikunjika kama ndala kiache, maana faida nusu inatoka kwenye ugumu huo.

Fundi viatu wa jirani, mzee mmoja mwenye mkono mtulivu sana, alibandika na kushona ncha kwa 5,000. Velkro nilifumua ya zamani na kushona mpya mwenyewe kwa uzi wa nailoni, mishono miwili sambamba na msalaba katikati, kama ninavyoshona mikanda ya mabegi ya shule. Nitawaambia baadaye mshono ule ulinifaa nini.

Pedeli zilitoka Nairobi. Shemeji yangu alizipata kwa mtu anayeuza vifaa vilivyotumika, Shimano PD-M520, kwa shilingi 3,500 za Kenya. Kwa chenji ya siku ile ilikuwa kama 70,000 zetu, na 8,000 nyingine ya kutuma kwa basi. Pedeli iliyotumika ina kipimo kimoja muhimu. Shika ekseli, ule mhimili wa chuma unaoingia kwenye baiskeli, kwa vidole uizungushe: izunguke laini bila kukwaruza, wala isicheze ukiitikisa. Mikwaruzo ya nje ya mwili wake haina maana yoyote, pedeli zote za milimani zimekwaruzika. Zangu zinanasa pande zote mbili, nazipenda njiani, ila siku ya kwenda mashine ya kusaga na ndala zile taya zinaumiza unyayo. Zipo aina zenye upande mmoja wa kunasa na upande mmoja bapa, kama PD-EH500 ya Shimano hao hao. Kama baiskeli yako ndiyo ya nyumba nzima, na mtoto anatumwa nayo dukani, tafuta hizo.

Kuzifunga ni kazi ya dakika kumi na spana ya 15. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za skrubu za kinyume: inafungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Nimeona fundi akilazimisha na kuharibu krenki (mkono unaoshika pedeli) ya mtu kwa kusahau hilo. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga, la sivyo hutazitoa tena.

Sasa kliti, na hapa ndipo nilipokosea. Zile zenye kutu nilizozikuta chini ya viatu niliona ni bure, nikazilowesha dizeli usiku kucha, nikazisugua kwa brashi ya waya na kuzitumia. Zilikuwa zimelika kingo. Kunasa zilinasa, lakini kuachia ziliachia siku zinapotaka. Wiki ya pili, pale Kiboriloni, haisi ilisimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nikabana breki, nikazungusha kisigino cha kushoto, haikuachia. Nikavuta mguu juu na nyuma kama mtu anayeutoa matopeni, ambayo ndiyo silika ya mwili ukishtuka, na taya hazijatengenezwa kufuata silika hiyo. Nililala ubavu wa kushoto barabarani na baiskeli imeningʼangʼania. Akina mama wa ndizi walikuja mbio, "Pole mama, pole!", mmoja akakamata baiskeli, mwingine akanivua kiatu. Kiwiko kilivimba siku nne na nikashindwa kukata kitambaa. Kwa fundi mwenye oda za kipaimara hilo ni pigo.

Nikanunua kliti mpya Arusha kwa 35,000, SM-SH56. Shimano wana aina mbili za kawaida za SPD. SM-SH51 huachia kwa kuzungusha kisigino tu. SM-SH56 huachia hata ukivuta kwa nguvu kwenda juu kwa mshazari, yaani ule mvuto wa hofu nilioufanya mimi Kiboriloni. Kwa anayeanza, tena kwenye barabara zetu zenye matuta, bodaboda na mbuzi, naomba sana anunue hizo za pili, hata kama ndizo zitakazomla pesa iliyobaki. Vijana wangu wa Jumapili hawazitaki, wanasema zinachomoka ukivuta sana. Kwangu miezi sita sasa hazijachomoka bila kutaka hata mara moja, na mimi napanda Marangu kama wao. Kwenye pedeli pia kuna skrubu ndogo ya kulegeza springi, inafunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3. Ilegeze mpaka mwisho pande zote, ubaki hapo mwezi mzima.

Kuzipanga kliti kulinichukua jioni mbili, na hapo ufundi wangu ulinisaidia. Nilivaa viatu, nikapapasa mfupa ulionenepa nyuma ya kidole gumba, nikauwekea alama ubavuni mwa kiatu kwa chaki ya kukatia nguo. Kisha mfupa wa nyuma ya kidole kidogo, alama nyingine. Kliti nikaiweka katikati ya alama hizo mbili, ikae juu ya ekseli. Halafu nikakaa juu ya meza ya kukatia, miguu ikiningʼinia, nikatazama vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Wangu wa kulia unatazama nje kidogo, umekuwa hivyo tangu utotoni. Mara ya kwanza nilizifunga zote zikitazama mbele moja kwa moja kwa sababu ndivyo zinavyopendeza kwa macho, na baada ya safari tatu goti la kulia likaanza kuuma upande wa nje. Kliti inaruhusu mguu kugeuka kidogo tu, hivyo usipouheshimu mguu wako goti ndilo litakalolipa. Nikaifuata chaki, maumivu yakaisha ndani ya wiki.

Faida yake sasa. Njia Panda hadi Marangu Mtoni nilikuwa natumia dakika 61 au 62. Siku hizi ni 56, 57. Sitawaambia kwamba nguvu zinatoka kwenye kuvuta mguu juu, kama wengi wanavyodai. Nilijaribu kuvuta, nikachoka mapaja na muda haukubadilika. Ninachokiona ni kwamba unyayo hauhami. Kwenye matuta miguu hairuki. Mvua ikinyesha nasimama kwenye siti bila kufikiria ugoko wangu. Kwa miaka ishirini mguu wangu umekaa kwenye pedeli ya cherehani, na najua mguu ukikaa mahali pake bila wasiwasi kazi inakuwa nyingine. Ndiyo hisia hiyo hiyo.

Hasara zipo. Tope jekundu la vihambani huko juu hujaa kwenye taya na kwenye bonde la soli, na hapo hakuna kunasa mpaka utoe kijiti ukwangue. Kwenye sakafu ya vigae unatembea kwa tahadhari. Na kibandani lazima nibadilishe, maana chuma kikigusa pedeli ya cherehani kinakwaruza.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Mwezi wa nne nilikuwa narudi jioni, nimekaribia Himo, nazungusha kisigino cha kulia na kiatu kinazunguka bure juu ya pedeli, hakiachii. Skrubu moja kati ya mbili ilikuwa imelegea njiani na kudondoka, hivyo kliti inageuka na mguu badala ya kubaki imara. Nguvu zote duniani zisingeitoa. Nikatoa mguu wa kushoto, nikapunguza mwendo nikajisogeza hadi kwenye nguzo ya umeme, nikaikumbatia. Nikainama, nikafungua mikanda mitatu ya velkro niliyoishona mwenyewe, krrr, krrr, krrr, nikatoa mguu na soksi, kiatu kikabaki kimenasa kwenye pedeli. Siku hizi kila Jumamosi jioni nageuza viatu na kukaza skrubu zote nne, na alenki ya milimita 4 inakaa kwenye kipochi chini ya siti, pamoja na viraka vya pancha na skrubu mbili za akiba.