BleachBit kwenye kompyuta ya steshenari: nimeijaribu, haya ndiyo niliyoyaona

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo hapa Mtwara mjini, dirisha nimelifungua kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mnivumilie. Mezani nina laptopu mbili za mtumba na programu moja ya bure inaitwa BleachBit, ya kusafisha kompyuta na kufuta faili zisirudi. Nimekaa nayo wiki tatu, nataka niwaambie inafaa wapi na inaishia wapi.

Kilichonisukuma ni hii laptopu ya kushoto. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ameshafuta kila kitu, na kweli, ukiiwasha hukuti kitu. Nikaweka Recuva, ile programu ya kurudisha faili zilizofutwa, nikaiacha ichunguze. Vikaanza kutokea vitu: hati za mshahara, picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, kadi ya kliniki ya mtoto. Nikafunga palepale. Na yule bwana hakunidanganya, alifuta kama tunavyofuta sisi sote. Ukifuta faili na kumwaga pipa la takataka, Windows inaondoa tu faili hilo kwenye orodha yake na kuhesabu ile sehemu kuwa ni wazi. Yaliyomo yanabaki palepale kwenye diski mpaka kije kitu kingine kiandikwe juu yake. Umeng'oa namba ya nyumba mlangoni, lakini vyombo vyote vimo ndani.

BleachBit ilianza mwaka 2008, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Kwangu mimi hilo ni kubwa, kwa sababu programu ya usafi unaipa ruhusa ya kuingia kila chumba. Wengi mnaijua CCleaner, nayo ni programu ya usafi. Mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya toleo la 5.33, lile lile watu walilokuwa wakilipakua kihalali, na kompyuta zaidi ya milioni 2 zikalipokea. Kosa lilirekebishwa na programu bado ipo, ila tangu siku ile mimi huuliza mara mbili kabla ya kuweka kitu cha namna hii.

Haya, tuifungue. Kushoto unaona majina ya programu zako, Chrome, Firefox, Windows yenyewe, na chini ya kila jina kuna visanduku vya kutiki. Juu kuna kitufe cha Preview: kinakuonyesha kitakachofutwa kabla hakijafutwa. Kibonyeze kila mara, hata kama una haraka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Usitiki kila kitu! Chini ya Chrome na Firefox kuna kisanduku cha paswedi. Programu inatoa onyo, lakini sisi tunabonyeza tu bila kusoma. Mdogo wangu yuko Lindi, alikitiki, paswedi zake zote zikaondoka, ikiwemo ya akaunti ya kuombea mkopo wa chuo, na siku za maombi zilikuwa zinahesabika. Alilia kwenye simu. Mimi natiki historia, vidakuzi (alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta yako), faili za muda, na orodha ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Basi.

Itaongeza kasi? Kama diski ilikuwa imejaa hadi shingoni, utaona nafuu. Vinginevyo usitegemee maajabu, na siku ya kwanza tovuti zitafunguka polepole na kula bando zaidi, kwa sababu nakala za picha zilizokuwa zimehifadhiwa zimefutwa, zote zinavutwa upya.

Lakini mahali BleachBit inaposhinda ni kwenye steshenari. Fikirieni siku moja tu: mwanafunzi anaprinti cheti cha kuzaliwa, mkulima wa korosho anatoa kopi ya kitambulisho na namba ya akaunti ya benki apeleke AMCOS, chama chao cha ushirika, dada anaomba kazi na vyeti vyake vyote vimetumwa kwa WhatsApp ya duka. Jioni vyote vimelala kwenye folda ya Downloads, na kesho asubuhi anakaa mtu mwingine kabisa kwenye kiti kile. Nyie wenye steshenari, hizo ni karatasi za watu walioziacha mikononi mwenu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zisikae kwako kupita haja iliyokufanya uzichukue. Mteja akishachukua karatasi yake, haja imekwisha.

Kwa hiyo fanyeni hivi: bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua kusaga kwa BleachBit. Inaandika juu ya yaliyomo, inavuruga na jina, ndipo inafuta. Nilijaribu kwa picha 20 zangu mwenyewe. Nilipofuta kwa kawaida, Recuva ilizirudisha zote. Nilipozisaga, haikufunguka hata moja.

Hiyo ilikuwa diski ya kuzunguka, ile ya zamani. Kwenye SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, na kwenye flashi mambo ni tofauti: kifaa chenyewe kinaamua kuandika wapi, kwa hiyo unaweza kudhani umeandika juu ya faili kumbe umeandika kando yake. Huko usiitegemee peke yake. Washa usimbaji wa diski nzima, yaani kufunga yaliyomo kwa siri ili asiye na paswedi asiyasome, tangu siku ya kwanza, na flashi iliyobeba vitambulisho usimgawie mtu.

Kuna kazi ya mwisho, kufuta nafasi tupu, yaani kuandika juu ya mabaki ya faili ulizofuta zamani. Ni polepole sana. Inajaza diski yote kwa muda, na Windows itakulalamikia kwamba nafasi imekwisha, usishtuke. Mimi umeme ulikatika katikati na betri ilikuwa imekufa. Nilipowasha nikakuta diski imejaa pomoni, faili moja kubwa limebaki. Nililifuta kwa mkono, nafasi ikarudi, nikaanza upya.

Laptopu hii ya kushoto inaondoka kesho kwa basi la Lindi, kuna mwalimu anaisubiri. Nimeibadilishia betri mchana huu. Sasa hivi ni saa mbili usiku, naibonyeza ianze, na sitaifunga mpaka imalize. Zile hati za mshahara na ile kadi ya kliniki haziendi Lindi.